Kiti cha Bi Verdell

Mgongo wa Bi Verdell Pettway ulikuwa umepinda kwa kupiga deki hospitalini miaka nenda miaka rudi, lakini ulimi wake haukupinda hata kidogo. Kila jioni ya kiangazi alikaa juu ya ngazi za mbele ya nyumba yake, Brooklyn, akisalimia kila apitaye, na asiyeitikia alikiona cha moto. Kwenye jiwe lenyewe hakuweza kukaa, nani angemwinua? Alikuwa na kiti ambacho marehemu mumewe, Roscoe, alikikata miguu ya upande mmoja ili kitulie, maana ngazi ya juu ilikuwa imetitia upande mmoja.

Jumamosi moja aliingia ndani kuepua maharage. Jirani alikuwa ameweka boksi la vikombe asivyovitaka kando ya kile kiti, na mtaani humo kinachoachwa kwenye ngazi ni cha mwenye kukitaka. Kurudi, vikombe hakuna, kiti hakuna.

"Kiko kwa yule binti mgeni, nyumba ya kona," shoga yake Lucille alimwambia. "Nenda kakidai."

"Nani, mimi? Nimeinamia sakafu za watu maisha yangu yote, leo nikabishe hodi kuomba kiti changu mwenyewe? Thubutu!"

Akajifungia. Akawa anatazama dirishani watu wakipita bila kumsalimia, na hilo lilimuuma kuliko mgongo. Mwishowe alishika reli, akashuka, akaenda.

Binti, Maren, alifungua mlango, akaona macho ya Bi Verdell yalikotua, kwenye kile kiti.

"Mungu wangu! Ni chako, bibi? Nilidhani kimetupwa." Kisha kwa sauti ndogo: "Kilikuwa kinayumba. Nikakikata miguu iliyokuwa mirefu, ikalingana."

Bi Verdell alilia palepale mlangoni. Mkato ule ulikuwa kazi ya mikono ya Roscoe.

Maren alikibeba, wakapanda ngazi taratibu. Kilipowekwa juu, kikainamia upande mmoja. Binti akapiga magoti, akavua viatu vyake vyote viwili, akavisokomeza chini ya miguu ya upande uliotitia. Kiti kikatulia. Bi Verdell akakaa.

"Sasa utarudi kwako pekupeku?"

"Sina haraka, bibi."

Bi Verdell akamwonyesha jiwe la ngazi kando yake.

"Basi kaa hapo. Na mtu akipita, msalimie. Hapa hatununi."

Akapita mtu. Maren akamsalimia kwa sauti kubwa mpaka mbwa wakabweka, na Bi Verdell akacheka, huku ameshika bega la binti asije yeye mwenyewe akaanguka kwa kicheko.