Onyo kwa Maandishi

Nina tabia ya kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Ujumbe wa simu wa mistari miwili naufuta mara nne kabla sijautuma. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilichofanya hakikuwa bahati mbaya. Kosa nililiona, nikalinyamazia, na hadi leo sijajuta vya kutosha.

Kwa miaka miwili nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya michezo ya mezani hapa Bariadi, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo. Mwenye kampuni alitaka mchezo wa ubao na kadi unaohusu ufugaji wa kwetu: kila mchezaji ana kundi la ng'ombe, analizungusha kiangazi kizima kutafuta maji na malisho, na atakayefika masika na ng'ombe wengi ndiye mshindi. Mimi sikusomea haya mambo popote. Nilijifunza kwa video za simu, nikakata kadi kwa wembe kwenye karatasi za manila, na nikipinda kidogo tu naanza upya. Alinikuta nikiwachezesha bodaboda kijiweni mchezo niliobuni mwenyewe.

"Dada, njoo tujenge pamoja," akaniambia.

"Nije kama nani?"

"Kama familia."

Tulimwita Kaka, kwa agizo lake. Kaka huyo alikuwa na daftari la mahudhurio, na aliyechelewa alipigiwa mstari mwekundu. Nilivaa fulana ya kampuni. Mjomba wangu alipofariki Nkololo niliomba ruhusa, nikapewa nusu siku. Lakini kila nilipoulizia mkataba alicheka. "Wewe ni wa kujitolea, dada. Mkataba unaua mapenzi ya kitu." Mfadhili alipokuja na maswali yake, niligeuka mtaalamu wa kujitegemea kwa wiki moja. Alipoondoka nikarudi kujitolea.

Nyumbani Shishiyu nilikuwa nimeshasema nimeajiriwa. Huo uongo ni wangu, simsingizii mtu. Mama aliwatangazia wenzake kanisani, na mmoja wao, ambaye mwanawe yuko halmashauri, akauliza, "Ana barua ya ajira?" Mama akajibu kwamba nitakuja nayo Krismasi. Krismasi mbili zilipita. Kila nikienda ananiuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Ile barua, mwanangu?"

"Inashughulikiwa, mama."

Sanduku la mfano lilipotoka kwa mchapaji, Kaka alinipa nilipitie kabla hajaidhinisha. Sikulifungua ofisini. Nilikwenda nalo Shishiyu nikalifungue mbele ya mama. Kijitabu chote cha kanuni nilikiandika mimi, na nilitumaini jina langu litasimama mahali pa barua. Mama alivaa miwani. Juu ya kifuniko kulikuwa na jina la Kaka, mbunifu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa: shukrani kwa wote waliojitolea.

"Wewe uko wapi hapa?" mama akauliza.

"Kwenye wote."

Alizikusanya kadi, akasema basi tucheze. Zamu ya tatu alifikisha ng'ombe wake lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, akatulia hapo.

"Sogea, mama, ni zamu yako."

"Nisogee niende wapi? Maji haya hapa, majani haya hapa. Wewe unayezunguka na ng'ombe kiangazi ndiye mwenye shida."

Ng'ombe wangu walikufa mmoja mmoja. Tukarudia, akashinda tena bila kunyanyuka lamboni. Miaka miwili tulikuwa tumeujaribu mchezo ule ofisini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa pale. Sisi wa mjini tulidhani kuchunga ni kutembea.

Sentensi moja ingetosha: kundi halikai lamboni zaidi ya zamu mbili. Niliiandika kwenye kiganja. Jumatatu Kaka akaniuliza, "Umepitia? Tuidhinishe?"

"Nimepitia."

"Hakuna tatizo?"

Nilifumba mkono. Kuacha kosa lipite kwangu ni kama kuacha mlango wazi. "Mimi ni wa kujitolea tu, Kaka. Angalia mwenyewe."

Akasaini bila kufungua sanduku.

Agosti tulikuwa na meza kwenye maonyesho ya wakulima. Mgeni rasmi alisimama nyuma ya Kaka kutazama, na mfugaji mmoja aliyekuwa ameleta dume lake kuonyeshwa akakaribishwa acheze. Alifika lamboni, akalaza fimbo yake chini.

"Songa, ngosha," Kaka akamwambia, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana.

"Nisonge niache maji? Kwani wewe umewahi kuchunga hata mbuzi?"

Watu wakaanza kusogea. Mchezo wa pili ulikwenda vilevile. Wa tatu, umati ndio uliokuwa ukimwonyesha Kaka ng'ombe wake watafia wapi. "Bosi," mfugaji akasema, "hawa wamekonda, bora uwapeleke mnadani." Mgeni rasmi alirudisha mezani kwa adabu sanduku alilokuwa amepewa, akaenda kutazama alizeti.

Kaka alinivutia nyuma ya banda. "Ulijua."

"Nilijua."

"Huo ni uzembe. Mfanyakazi niliyemkabidhi kanuni zote, unanifanyia hivi?"

Mfanyakazi. Miaka miwili sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikaishusha sauti. "Kama nimekosa, nipe onyo kwa maandishi."

"Utalipata."

Nililipata siku ya pili, lina mhuri na sahihi. Lilisema mimi, mfanyakazi wa kampuni kwa miaka miwili, nimefanya uzembe mkubwa katika majukumu yangu. Nakala iwekwe kwenye faili langu. Faili sikuwa nalo. Nilitoa nakala tatu, nikapanda kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi kudai haki zangu za mfanyakazi.

"Huyu alikuwa anajitolea tu, mheshimiwa," Kaka akamwambia msuluhishi, mama mmoja wa makamo. "Ni rafiki wa kampuni."

Msuluhishi alimsogezea karatasi. "Sahihi hii ni ya nani?"

Kaka aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kanuni zangu. "Ni yangu," akasema.

Kwenye korido alinifuata. "Dada, nirudishie ile. Nitakuandikia nyingine, ya kukusifu."

"Naitaka hii hii."

Nilimpelekea mama nakala moja. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Wanasema wewe ni mzembe."

"Ndiyo, mama."

"Ni kweli?"

"Mara hiyo moja."

Akaikunja mara mbili, akaiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Jumapili alikwenda nayo kanisani, akakaa benchi moja na yule mwenye mtoto halmashauri.