Furu wa Saa Nane Usiku

Diski ile ililetwa dukani kwetu Igogo ikiwa imefungwa kwenye khanga. Aliyeileta alikuwa mama wa makamo, amevuka kwa kivuko kutoka Kamanga. Kwa miaka mingi alikuwa akipima samaki mwaloni, wavuvi wanakoshushia mzigo, kila asubuhi kwa niaba ya watafiti wa kigeni, hasa furu, vile visamaki vilivyokuwa vikipotea tangu sangara watawale ziwa. Watafiti walirudi kwao wakamwachia kompyuta. Radi ikaiua, ikabaki diski.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Furu wangu wamo humu. Wengine ziwani hawapo tena. Nitolee."

Enzi hizo za soko huria tuliuza kompyuta za mtumba, zilizoshushwa pamoja na friji na majiko. Hakuna hata moja iliyoielewa diski ile. Kila mfumo wa kompyuta hupanga mafaili kwa namna yake, na mpangilio huu ulikuwa wa mashine ambazo sikuwahi kuziona. Nilikuwa na programu ya kuusoma, ila iliandikwa kwa ajili ya kiini cha mfumo mwingine. Kiini ndicho kinachoamrisha kila kitu ndani ya mashine. Programu iliyozoea kimoja, kwa kingine ni bubu. Mtu mwenye akili zake angemrudishia mama diski yake. Mimi ni mbishi, na nilikuwa nawashwa kujua.

Nikaihamisha programu ile mstari kwa mstari, wiki tatu. Kiini cha zamani kiliomba kipande cha diski kwa njia moja, changu kwa nyingine. Hata tarakimu, mashine ya mama ilizianzia upande wa pili. Nilikosea, mashine ikaganda, nikatukana, nikawasha upya. Siku majina ya mafaili yalipojitokeza kwenye skrini nilipiga ukelele hadi muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza nani kafa.

Furaha haikudumu. Kila faili lilionyesha limeandikwa 2:10 au karibu na hapo, yaani kama saa nane na dakika kumi usiku. Nani hupima samaki saa hiyo? Na kama saa ni ya uongo, urefu wa samaki niuamini vipi? Siku nne nilisaka kosa hilo kwenye kazi yangu, huku diski imeanza kukwaruza. Niliogopa kweli.

Mama aliporudi nikamuuliza kama alikuwa akifanya kazi usiku.

"Usiku nikatafute nini mwaloni, mamba?" Akacheka. "Ilikuwa saa mbili asubuhi. Wageni waliacha ile mashine inasema nane. Nikaisahihisha, ikasema mbili."

Nami nimezaliwa nikihesabu saa hivyohivyo! Nilijiona mjinga wa kutupwa. Programu haikuwa na kosa. Nikanakili kila kitu palepale.

Mama akataka aonyeshwe furu mwenye tumbo jekundu. Vipimo vilikuwepo, kisha neno "hakuna", asubuhi baada ya asubuhi, kurasa na kurasa.

"Hukuchoka kuandika hivyo?"

"Ningejuaje kama hatarudi?"

Akaniomba nirudi nyuma taratibu, hadi tukamfikia wa mwisho kupimwa. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Sentimita nane," akasoma. "Huyu alikuwa bado mzima. Nilimrudisha majini."