Pale pa Baba Palipoachwa Wazi

Effie Pirie alikuwa mtu wa ndoo na brashi. Miaka arobaini na moja alisugua sakafu ya kanisa la Auchtervie, huko Uskoti, na kila kiangazi alibandua kuvu kwenye mawe ya makaburi.

Siku walipomzika mama yake, Wilhelmina Durno alisimama langoni na glavu zake nyeupe, akasema watu wakisikia: "Maskini marehemu. Kwenye kitabu cha vizazi, pale pa baba yake pameachwa wazi. Wengine ndivyo walivyo, hawana pa kuanzia."

Effie alilimeza neno lile, likamkaa tumboni miaka ishirini na sita.

Sasa Wilhelmina alikuwa amechongesha kibao cha shaba kitundikwe kanisani, kutangaza kwamba yeye ni uzao wa kabaila wa Balgarrow, kupitia mwanawe Alexander Durno. Jumamosi alasiri akaita kijiji kizima ukumbini, chai na vikate vya skoni, aonyeshe ukoo wake kabla mchungaji hajakipokea kibao.

Effie alimwacha aseme mpaka mate yakamkauka. Ndipo akainua mkono.

"Bi Wilhelmina, huyo Alexander alizaliwa lini?"

"Mwaka 1779, Effie. Imeandikwa."

"Na kuoa, alioa?"

"Alioa, akazaa. Kwani mimi nimeanguka kutoka mbinguni?" Watu wakacheka.

"Mwana wa kabaila nimemsugua mimi miaka yote hii. Jiwe lake liko kando ya kanisa, limelala majanini. Linasema Alexander Durno, aliyezaliwa 1779, alikufa na miaka minne. Wewe umemwoza, shoga, hata meno ya utoto hayajang'oka."

Vicheko vikahamia upande wa pili. Wilhelmina akaiva uso. "Kama si huyo, basi Alexander wangu ni mtoto wa nani? Nionyeshe!"

Neno hilo ndilo Effie alilokuwa akilivizia. Akatoa mkobani nakala ya kitabu cha wazee wa kanisa, akasoma polepole. Mwaka uleule wa 1779, Jonet Durno, mkamua ng'ombe, asiye na udugu na kabaila, alikalishwa kwenye kigoda cha toba mbele ya kanisa Jumapili tatu, macho ya watu yote kwake, mpaka akamtaja aliyempa mimba: David Pirie, mwendesha plau. Pirie akakana. Mtoto akaitwa Alexander, akabaki na jina la mama, na kitabuni pale pa baba pakaachwa wazi.

"Pirie?" mchungaji akauliza.

"Pirie. Babu wa babu wa baba yangu." Effie akakunja karatasi. "Karibu nyumbani, binamu. Pale pa baba palipoachwa wazi, nimekujazia."

Kibao kilirudi nyumbani kimefungwa gazetini. Effie alikula skoni mbili, ya pili akaipaka jamu mpaka ikamwagika.

Jumatatu aliwaita vijana wawili wakalisimamisha lile jiwe la mtoto. Akazisugua herufi zake mpaka zikasomeka toka langoni, palepale aliposimama mwenye glavu nyeupe.