Siku Nilipofunika Alama ya Ngamia wa Abti

Haya, nichekeni: mimi mchoraji ninayejisifu Garissa nzima niliwahi kumwogesha ngamia kwa sabuni mbele ya soko zima la mifugo, nikiifuta kwa mikono yangu kazi niliyoionea fahari kuliko zote.

Mnajua picha zangu ni za viwanda na uroho wetu wa kununua (nyumbani nina ngamia wa kuchora waliobeba magodoro na kreti za soda), lakini siku hiyo nikaona turubai halinitoshi, nikaenda kwa abti, kaka yake mama, nikaazima ngamia wake wa maziwa, yule anayelisha watoto wake, nikamchora ile mistari myeusi ya bei iliyo kwenye kila pakiti dukani, kuanzia ubavuni hadi pajani, na alama ya moto ya ukoo wao nikaifunika kidogo (kidogo tu, jamani!) kwa sababu ilikuwa inaharibu mchoro.

Sokoni nimevaa kanzu nyeupe, nahubiri kwamba viwanda vimetugeuza bidhaa, mara mzee mmoja akapapasa lile paja, kiganja kikatoka cheusi.

"Hii ngamia ya nani? Alama iko wapi?"

"Ni sanaa, mzee."

"Wallahi, mwizi ndiyo anaficha alama!"

Kamba ikashikwa na watu kumi. Abti akaja mbio, akaapa ni wake, wakamjibu hata mwizi huapa. Mtu mzima yule, jina lake halijawahi kutiliwa shaka, sasa anaitwa mwizi kwa sababu yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaomba ndoo na sabuni. Nikasugua, rangi ikanichuruzikia kwenye kanzu, ngamia akanitemea mate, watu wakacheka, halafu alama ikaanza kutokeza na watu wakasogea kuitazama. Mzee akaifuata kwa kidole, akautaja ukoo wa abti, akamtaja na babu yake, kisha akaachia kamba.

"Sasa nimeona sanaa yako," akaniambia. "Ile mistari ilisema bei. Hii inasema watu."

Nilikuwa nimelowa, nanuka ngamia, lakini kifua kilinijaa, maana hakuna picha yangu iliyowahi kueleweka hivyo. Abti akachukua kamba yake. "Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "umechora vizuri. Usirudie."

Sirudii. Siku hizi hata kwenye turubai naanza na alama ya mwenyewe, ndipo nichore ngamia.