Grafu ya Jovitha

Wanaosema mtoto wa Gaspari aliikimbia fizikia, waje waniambie mimi usoni. Wasinong'one kisimani, wasinong'one gulioni. Mimi Bonifasia nipo, sijahama.

Gaspari ni kaka yangu. Alipokwenda kutafuta dhahabu upande wa Biharamulo aliniachia Jovitha bado yuko shule ya msingi, nikamlea kama wa tumbo langu. Mtoto hana makuu. Anapalilia maharage, anachota maji, anafua sare yake, halafu anasoma. Tangu siku alipomwona daktari wa zahanati akimshona jirani yetu mguu uliokatwa na jembe, hakuwa na wimbo mwingine: nitakuwa daktari. Na huko vyuoni, aliniambia, bila kufaulu fizikia hawakupokei hata uwe malaika. Sasa shuleni kwao, ukifika kidato cha tatu, fizikia si lazima. Unachagua, uendelee nayo au uiache. Wasichana wenzake wote wakaiacha.

"Shangazi, mimi siiachi," akasema.

"Ikamate, mwanangu," nikamwambia.

Shule yenyewe ina maabara. Mawe yake tuliyabeba sisi vichwani, mwenye mimba na asiye na mimba, na asiyetokea alifuatwa na mgambo nyumbani. Leo ukifungua mlango unakuta madawati mabovu na magunia ya mahindi. Fizikia ilifundishwa na Pancras, kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha sita. Walipokuwa bado kidato cha pili, akafika kwenye somo la springi, ile waya iliyosokotwa ambayo ukiitundikia mzigo inarefuka. Watoto wakaomba waione. Akawajibu, "Jaribio hili tutalifanya kwa mdomo." Kwa mdomo! Haya, na mimi nikusongee ugali kwa mdomo, tuone kama utashiba.

Wenzake walinakili notisi wakakariri. Jovitha akaja nyumbani, akachukua mpira wa kufungia ndizi kwenye baiskeli, ule tunaoukata kwenye tyubu kuukuu, akautundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Chini akafunga soksi iliyotoboka, ndani yake akawa anatia betri za tochi zilizokufa, moja moja, na kila mara anapima kwa rula mpira umerefuka kiasi gani. Nikapita na sufuria, akanifokea, "Shangazi, usitikise!" Mimi, nifokewe na mtoto jikoni kwangu! Lakini nilipomwona uso ulivyomng'aa, nikapita kwa kunyata.

Baadaye akanionyesha grafu aliyochora. Mstari ulipanda, halafu ukapinda kama mundu. "Unaona? Unavutika sana, kisha unaanza kukaza." Akarudia tena na tena, ukapinda vilevile. Alifurahi mtoto yule, jamani! Alikuwa amejionea kwa macho yake.

Kidato cha tatu kilipoanza, mkuu wa shule, Mwalimu Audax, akatangaza mtihani wa mchujo. Asiyepata hamsini haendelei na fizikia. Haikuwa sheria ya serikali, ilikuwa yake mwenyewe, asije mtoto akapata sifuri kwenye mtihani wa taifa akaishushia shule wastani. Swali kubwa likawa: chora grafu ya springi inavyorefuka ukiiongezea mzigo. Wavulana waliokariri wakachora mstari ulionyooka, kama notisi zilivyosema. Jovitha hajaiona springi maishani mwake. Alichokiona ni mpira, na alichokiona ndicho alichochora. Swali zima akakosa. Akapata arobaini na saba.

Nikajifunga kitenge, tukaenda.

"Shikamoo, mama," akasema Audax.

"Marahaba." Kiti nikakikataa.

Jovitha akautundika mpira wake kwenye komeo la dirisha la ofisi, akatia betri moja baada ya nyingine, akaeleza. Pancras alikuwepo. Akainama, akapima mwenyewe. Kisha akasema, "Mkuu, kwa mpira huu mtoto yuko sahihi. Mpira hauendi kama springi. Sisi ndio hatukumwonyesha springi."

Moyo ukanitulia, nikaona mambo yameisha. "Si mmesikia? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Audax akakuna kidevu. "Mama, nimeelewa. Lakini mtihani wa taifa haujali kama tuna springi au hatuna. Na mtoto anayeamini macho yake kuliko notisi atatuangusha."

"Kumbe! Sasa hayo macho Mungu alimpa ya nini?"

"Atasoma historia, mama. Atafaulu vizuri tu."

Nilisema mengi pale, mengine hayafai kurudiwa. Nilimwambia anamnyima mtoto udaktari kwa alama tatu. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Audax akafungua mlango, akatutakia safari njema. Pancras alikuwa anaitazama sakafu. Hata kile kijikazi chake alipewa na Audax, angesema nini?

Njiani Jovitha hakulia. Heri angelia, ningejua la kufanya. Alifika, akaurudisha mpira kwenye baiskeli, akachukua ndoo akaenda kisimani. Tangu siku ile habari za udaktari sikuzisikia tena. Historia aliisoma kama mtu anayetumikia kifungo, na kweli akawa wa kwanza darasani. Niliumia kila walipomsifu.

Mwaka jana yakafika mahafali ya kidato cha nne. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wilayani, mchangamfu, mwenye kupenda kuuliza. Wakaitwa wanafunzi wa fizikia wasimame wapigiwe makofi. Wakasimama wavulana watupu.

"Mwalimu mkuu," yule mama akauliza kwenye kipaza sauti, "mbona sioni msichana hata mmoja?"

Audax akatabasamu. "Mheshimiwa, tumewahimiza sana, tumechoka. Wasichana wa huku hawapendi fizikia."

Wazazi wakacheka. Mimi damu ikanichemka. Nikainuka, mdomo uko wazi, maana siku hiyo nilikuwa tayari hata kutolewa na mgambo. Jovitha, aliyeketi mbele yangu na wahitimu wenzake, akageuka akanishika mkono.

"Kaa, Shangazi," akaninong'oneza. "Hajasema uongo. Siipendi tena."