Swali Nililoona Haya Kuuliza

Mke wangu alitaka kitu kimoja tu, kusujudu. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na kwa miaka mitatu alisali juu ya kiti cha plastiki hapa mtaani kwetu Barani. Maumivu aliyavumilia. Kilichomliza ni kwamba paji lake la uso halifiki chini.

Daktari wa hospitali ndogo ya mjini alikubali kumtia goti la chuma. Daktari huyo nilimsomesha Kurani mwenyewe chuoni, tangu alifu. Hata leo hunibusu mkono mbele ya wagonjwa wake. Binti yetu alitaka twende Mombasa, kwenye hospitali kubwa inayobadilisha magoti kila wiki.

"Baba, basi muulize ameshafanya mangapi."

"Nimuulize mtoto niliyemfunza kutawadha? Huko ni kumvunjia heshima."

"Heshima yake, au goti la mama?"

Mke wangu alicheka kutoka jikoni. "Mwache babako. Akianza kuuliza, atamsomesha mwenzake juzuu nzima kabla hajashika kisu!"

Sikuuliza. Na hapa palikuwa karibu, na bei ilikuwa nafuu.

Siku ya upasuaji tuliambiwa kazi ingekwisha kabla ya adhuhuri. Alitolewa alasiri imeshaadhiniwa. Wiki ya tatu kidonda kilianza kutoa maji, kisha usaha, kisha homa iliyomfanya amwite mamake, ambaye tulimzika zamani. Tulimpeleka Mombasa tukiwa tumechelewa.

Huko walikitoa kile chuma, wakasafisha, wakamtundikia dawa za mshipa wiki baada ya wiki. Shamba letu la minazi la Mambrui tuliliuza, likaishia kwenye kitanda kile cha hospitali. Siku moja wakisafisha kidonda, nilimwona muuguzi akinyoosha mkono na kumpa daktari kifaa kabla daktari hajakiomba. Nikamwambia kazi yao ni nyepesi.

"Si nyepesi, mzee," alisema. "Tumeizoea. Kila siku ni sisi hawa hawa, na ni magoti hayo hayo."

Mfupa ulikuwa umeshalika, goti jipya halikuwezekana tena. Mguu waliuunga ukabaki umenyooka. Haukunjiki, wala hautakunjika.

Tuliporudi, daktari wetu alikuja kutujulia hali. Alikataa kiti, akaketi mkekani, macho chini, kama alivyokuwa akiketi akisahau aya. Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Kabla ya mke wangu, ulikuwa umefanya mangapi?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe, mawili, Maalim."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulimleta mkeo kwangu, Maalim. Ningekukatalia vipi?"

Adabu ile nilimfunza mimi.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. "Mpeni kahawa mtoto wa watu," alisema, "naye pia usiku hapati usingizi."

Magharibi ilipoingia nilisalisha, daktari kuliani kwangu, mke wangu nyuma yetu. Nilipokwenda sijda nilisikia kiti chake kikilia alipoinama hadi pale anapoweza.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba yu hai, na shukrani hiyo sina shaka nayo. Lakini mimi niliyekuwa nikirefusha sijda hata maamuma nyuma yangu wakakohoa, sasa huinuka mapema. Naona haya kukaa pale ambapo yeye hafiki.