Kura ya Marehemu Bibi Ouida

Kila uchaguzi wa rais, karatasi ya matokeo hubandikwa kwenye mlango wa kituo chetu cha zimamoto, tunakopigia kura, na kwa miaka mingi ilisema jambo lilelile: kitongoji kizima kimewapa kura Warepublikani, isipokuwa kura moja. Haikutusumbua. Ilikuwa ya Bibi Ouida Pruett, na mwenyewe aliitangaza kanisani. Baba yake alimwambia kwamba Wademokrati ndio walioleta umeme kwenye mashamba ya karanga, naye hakuona kwa nini azime taa eti majirani wamehama chama.

Maana walihama wote. Babu zetu walikuwa Wademokrati wa kufa na kuzikana. Mrepublikani alikuwa kitu cha kuonyeshwa watoto. Waulize wazee kwa nini walivuka, watakwambia kodi. Ajabu ni kwamba kodi hiyo ilianza kuwauma wakati uleule watu weusi waliporuhusiwa kupanga foleni ya kura bila kutishwa.

Basi, Bibi Ouida akafariki msimu wa kupanda pamba. Novemba karatasi ikabandikwa, na ile kura moja ipo palepale.

Wengine walidai wafu wameanza kupiga kura, kama redio ilivyotuonya. Royce Tillery, mkuu wa zimamoto, akasema wafu wa huku hawaruhusiwi, hawana kitambulisho chenye picha. Ndipo macho yakamgeukia Doyle, mwana pekee wa marehemu.

Doyle ni mkulima wa karanga, mtu wa maneno machache, labda umguse kwenye nguruwe. Kila vuli, karanga zikishavunwa, yeye ndiye huchoma nguruwe mzima kwa karamu ya zimamoto, kazi aliyorithi kwa baba yake, na mchuzi wa siki na pilipili hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Cheo kingine hajawahi kupata maishani, wala hakukitaka. Sasa Royce akawa anapita akinong'ona kwamba mtu anayeweza kugeuza kura hashindwi kugeuza siki.

Doyle alijua si yeye. Kwa hiyo akaanza kumchunguza mkewe, Velda. Ndiye aliyemwogesha na kumlisha Bibi Ouida miaka ile ya mwisho; wawili hao walikuwa wakicheka mbele ya televisheni, na yeye akiingia wananyamaza. Sasa akasikiliza anavyoguna wakati wa habari. Akawasha redio ya gari la mkewe aone imeachwa stesheni gani. Kumuuliza hakuthubutu, nyumbani kwao kura haiulizwi, sawa na uzito wa mke.

Kwenye kikao cha kupanga karamu, Royce hakuzunguka.

"We Doyle, sema yaishe. Kama si wewe, basi iko nyumbani kwako."

Sote tukatazama nje, ambako Velda alikuwa amekaa garini akimsubiri.

"Ni yangu," Doyle akasema. "Mke wangu mwacheni."

Royce akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa banda la kuchomea. Akapewa.

Velda alipoona mume anarudi na uso wa mfiwa, alimbana mpaka akasema yote.

"Kura yangu mimi?" Velda akauliza. "Nilipiga kama wewe, Doyle. Nilimpenda mama yako, hao Wademokrati wake sikuwapenda hata kidogo. Kwa hiyo siku zote hizi unalala na mimi huku unanipeleleza?"

Velda akageuzia uso dirishani mpaka nyumbani.

Siku ya karamu Royce alichoma nguruwe mwenyewe. Nje mkaa, ndani mbichi, na mchuzi ulitutoa machozi. Doyle alikuja, Velda akaacha kiti kimoja kitupu kati yao. Doyle sahani yake hakuigusa. Alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, meza nzima, akimtafuta aliyepiga kura ile akamwachia yeye mzigo wake abebe. Na kila aliyefikiwa na jicho lile aliinamisha kichwa haraka, akaitafuna nyama ya Royce kana kwamba ni tamu.